Utomvu kwenye Shati Jeupe

Nyakuron, Juba
11 Februari 2024

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka kwenye joto hili ambalo halina huruma. Natumaini wewe na Lilly mko wazima na nyonga yako haikusumbui sana asubuhi. Nimeamua kuandika kwa sababu simu haitufai tena mimi na wewe. Jumapili iliyopita nilikusikia ukimuuliza Lilly, "Mama yako anasema nini?" nami nikipiga kelele mpaka jirani akatoka kuangalia kama nimevamiwa. Barua hii anakuletea Jethro, kondakta wa basi la Eldoret. Mpe chai, atakungoja ujibu.

Kazi ya udobi inaendelea vizuri. Mimi na Milly bado tuko palepale Hai Jalaba, na sasa tuna meza mbili za kupigia pasi. Wateja ni walewale, wenye maduka na walimu. Mwambie Lilly nimeona rangi za kuchorea alizoniomba, nitamtumia.

Sasa nina swali la kazi. Mteja ameniletea shati jeupe lenye utomvu wa mbao za paini, zile zinazotoka Uganda. Joto la hapa linazifanya zitoe machozi. Utomvu umeshika kifuani na chini ya mkono. Nililichemsha na sabuni, haukutoka. Kisha nikafanya ujinga, nikalipiga pasi. Ukayeyuka ukaingia ndani ya kitambaa, sasa pana mabaka yanayong'aa kama mafuta, ukiyagusa yananata. Najua uliwahi kufulia watu wa mbao. Nifanyeje?

Tangu mume wangu Sebit atutoke, wewe ndiye ninayemuuliza kila kitu. Mama yangu mzazi nilimzika Jinja nikiwa bado msichana, unajua. Usichelewe kunijibu.

Mkweo,
Proscovia

*

Eldoret
2 Machi 2024

Mama Lilly,

Salamu zako nimezipata. Jethro amekunywa chai na kumaliza mkate. Sisi ni wazima. Lilly ameng'oka jino la mbele na anakataa kucheka mbele ya watu. Mwalimu wake anasema anasoma vizuri ila anaongea sana. Nikamwambia huyo ni mama yake kabisa. Nyonga ni ileile. Masikio ndiyo yananiaga, la kushoto limeshaondoka, la kulia linafunga mizigo.

Nimecheka niliposoma habari ya pasi. Nilifua nguo za watu wa kiwanda cha mbao kule Timboroa hadi mikono yangu ikawa inanuka paini hata kanisani. Kosa la kwanza la kila msichana lilikuwa hilohilo, moto. Utomvu unapenda moto. Ukiupa joto unazama.

Sikiliza basi. Kama kuna mahali bado umevimba juu ya kitambaa, weka barafu ndani ya mfuko wa nailoni, ugandamize hapo mpaka utomvu ukauke kama sukari guru. Ukwangue taratibu kwa mgongo wa kisu, si makali. Pale palipopigwa pasi, paka mafuta kidogo ya kupikia, sugua kwa kidole, uache yalainishe. Halafu tia sabuni ya maji ya vyombo, yaondoe hayo mafuta. Ndipo uchukue spiriti ya duka la dawa na pamba. Weka kitambaa safi chini ya doa, ugonge kwa pamba kutoka pembeni kuja katikati, usisugue. Pamba ikichafuka itupe, chukua nyingine. Jaribu kwanza ndani ya pindo uone kama rangi haibadiliki. Fanyia mlangoni penye hewa, mbali na jiko lenu la mkaa, maana spiriti haina mchezo. Mwisho fua kama kawaida, na usilisogeze karibu na pasi mpaka doa liwe limekwisha kabisa. Watu wengine watakwambia mafuta ya taa. Yanafaa kwa ovaroli, si kwa shati la misa.

Nimesema shati la misa kwa sababu hakuna fundi anayevaa jeupe kazini. Mteja gani huyu, analeta shati moja peke yake?

Jambo jingine. Shemeji yako Duku anakuja Juba mwezi wa nne pamoja na mjomba wake. Wanataka kuzungumza nawe habari za ile nyumba, na habari zako. Wanasema muda wa kukaa hivi umepita na Duku ni ndugu wa marehemu. Mimi nimekuarifu tu. Sina la kuongeza.

Natalina

*

Nyakuron, Juba
24 Machi 2024

Mama,

Salamu kwako na kwa binti wa pengo. Mwambie hata mimi niling'oka hilo jino na nikapona.

Dawa yako imefanya kazi! Barafu nilinunua kwa yule muuza soda, nikakwangua kama ulivyosema. Mafuta, sabuni, kisha spiriti. Milly alikuwa amesimama nyuma yangu amefunga pua. "Wewe leo umekuwa daktari," akasema. "Hata mashati ya mwalimu mkuu huyafanyii hivi." Nikamwambia afuate kazi yake. Kifua kimetoka safi kabisa. Chini ya mkono pamebaki rangi ya manjano, hainati tena lakini inaonekana. Hapo nifanyeje?

Kuhusu Duku, mwambie asijisumbue kwa ajili ya nyumba. Nyumba ni nzima, na mwaka huu mvua haitaingia, paa limeacha kuvuja. Kuhusu mengine, nitamsikiliza kwa heshima kama shemeji yangu. Mke wake hajambo?

Ndani ya mfuko utakuta rangi za Lilly na kitambaa cha gauni. Kata refu kidogo, anakua haraka.

Mkweo,
Proscovia

*

Eldoret
14 Aprili 2024

Mama Lilly,

Hatujambo. Vitu vya mtoto vimefika.

Unasema paa limeacha kuvuja. Mwanangu alikuwa akisema kila mwaka atalishughulikia, Mungu hakumpa nafasi. Kwa hiyo nauliza, nani alipanda?

Sina zaidi.

Natalina

*

Nyakuron, Juba
19 Mei 2024

Mama yangu,

Nakusalimu. Nimeianza barua hii mara nyingi nikaiacha. Hii naimaliza.

Aliyepanda anaitwa Emilio. Ni seremala, mtu wa Yei, alikulia ukimbizini Arua. Mke wake alifariki zamani, hawakujaliwa watoto. Namfahamu kutoka kanisani. Shati lile ni lake. Hakuwa mteja.

Nikueleze lilivyopata utomvu, usidhani mabaya. Alikuwa ametengeneza upande mmoja wa paa, mbao za upande wa pili zikabaki chini uani. Jumapili moja baada ya misa upepo wa vumbi ulikuja ghafla, mabati yakaanza kuinuka. Mimi nilikuwa nimeyafunga kamba nayashikilia peke yangu. Yeye alikuwa akipita barabarani kurudi kwake Buluk akaona. Hakuvua hata shati la kanisani. Alizikumbatia zile mbao kifuani, akapanda nazo, akazigongea palepale upepo ukimpiga. Aliposhuka alijitazama akasema, "Basi, hili ndilo shati langu la mwisho." Nikamwambia niachie nilifue. Ndiyo habari yote ya mwanzo. Ya baadaye ni kwamba alirudi kulichukua kabla halijawa tayari, na hakuondoka haraka, na mimi sikutaka aondoke haraka.

Sasa habari ya Duku. Alikuja na mjomba wake, nikawapa chai kwenye rakuba, pale kivulini tulipokuwa tukikaa wote zamani. Shati lilikuwa kwenye kamba, kwa sababu nilikuwa bado napambana na ile manjano. Duku aliliona hata kabla ya kuketi.

"Hili la nani?"

"La mtu anayeitwa Emilio."

"Ndugu yangu amelala kaburini, wewe unafulia wanaume?"

"Nafulia wanaume kila siku, Duku. Ndiyo kazi yangu. Ila hili, nakwambia ukweli, nalifulia nyumbani."

Mjomba alishusha kikombe. Duku akasema kwamba wao walikuja kunichukua vizuri, niwe chini ya ukoo, na kwamba nikikataa, nyumba ni ya ukoo na mtoto ni wa ukoo. "Khalas," akasema, "mambo yamekwisha, chagua." Nilimjibu kwamba ana mke mwema, na mimi nilikuwa mke wa Sebit, sikuwa mali yake ya kurithiwa. Waliondoka bila kumaliza chai. Wamesema wataamua mvua zikiisha.

Mama, sikuombi unipende kwa hili. Nyumba wakitaka waichukue. Nakuomba jambo moja tu, Lilly asitenganishwe nami. Ukinikasirikia nikasirikie mimi, lakini mtoto aendelee kusikia sauti yangu Jumapili.

Nisamehe kwa kusema "mteja". Niliogopa.

Proscovia

*

Nyakuron, Juba
21 Julai 2024

Mama,

Natumaini u mzima. Jethro ameniapia kwamba barua ya mwezi wa tano aliiweka mkononi mwako na ukaisoma akiwa amesimama. Anasema hukumkaribisha chai.

Nazungumza na Lilly Jumapili kama kawaida, nashukuru kwa hilo. Nikimuuliza habari zako anasema, "Nyanya yupo, amenyamaza tu." Mvua ni nyingi hapa. Hakuna tone lililoingia ndani.

Sitakusumbua zaidi. Nilitaka ujue bado nangoja.

Proscovia

*

Eldoret
8 Septemba 2024

Proscovia,

Salamu. Nyonga ilinilaza kitandani mwezi mzima, lakini hiyo siyo sababu ya kukaa kimya, mkono haukuwa na ugonjwa. Lilly ni mzima. Jino limeota, limeota upande, litanyooka.

Nimekasirika, nisikufiche. Uliniuliza habari ya ile rangi ya manjano, na kila nilipotaka kuandika jibu niliona mikono yako ikimfulia mwanaume mwingine, na wa kukufundisha ni mimi, mama yake Sebit. Kalamu nikaitupa. Nguo za mwanangu ziko ndani ya sanduku langu. Mwezi wa saba nilizitoa zote nikazitandaza kitandani. Lilly aliingia akaniuliza, "Nyanya, tunazifua?" Nikamfukuza. Halafu nikamwita, tukazifua pamoja uani, na mtoto akawa ananiuliza baba alikuwa mrefu kiasi gani, suruali hii ilimfika wapi. Nilikuwa sijamwambia lolote kuhusu baba yake tangu tuzike, Proscovia. Nilidhani nikifungua mdomo nitakufa. Sikufa. Tuliongea mpaka nguo zikakauka.

Baada ya hapo nilijiuliza hasira hii ni ya nini hasa. Si kwamba umemsahau Sebit. Nimeishi na wewe chini ya paa moja, hapa hapa Eldoret, najua ulivyomuuguza. Ni kwamba mwanangu hayupo, na uzi uliobaki kati yangu na wewe ni yeye. Ukiolewa na mtu mwingine mimi nitakuwa nani kwako? Mwanamke mzee kiziwi wa Eldoret. Utamchukua Lilly, kama ilivyo haki yako, na barua zitapungua, na siku moja Jethro atapita hapa bila kusimama. Hilo ndilo sikutaka kulisema, na nimekaa miezi yote hii nikitafuta njia ya kutolisema.

Duku alikuja na wajomba wiki iliyopita. Waliketi, wakapanga maneno. Nikawaambia wakae upande wa kulia, ili nisikie.

"Mama, huyu mwanamke ametuacha," Duku akasema.

"Ametuacha amekwenda wapi? Yuko kwenye nyumba ya mwanangu, ameiezeka. Wewe uliiona inavuja ukaenda zako."

"Na mtoto?"

"Mtoto ana mama."

"Mama, pengine hujasikia vizuri tunachosema."

"Nimesikia vya kutosha mwaka huu."

Mjomba wake mkubwa ndiye aliyecheka, na alipocheka mambo yakalegea. Mke wa Duku alikuwa jikoni, na nakuhakikishia yeye alikuwa amefurahi kuliko wote, kwa chakula alichotupikia siku ile. Duku aliondoka amekunja uso lakini hakugoma. Nyumba wamekubali isiguswe mpaka tuzungumze na huyo Emilio. Mwambie kwamba mtu mwenye nia anakuja na watu wake, mchana, kwa mlango wa mbele. Na aje kwangu.

Ile manjano: rudia spiriti mara moja tena, fua, kisha kamulia limau na chumvi kidogo, lianike juani likiwa bado bichi, halafu suuza sana. Kwa kitambaa cha pamba nyeupe tu. Pengine ulishamaliza bila mimi.

Natalina

*

Nyakuron, Juba
29 Septemba 2024

Mama yangu,

Jethro alinitafuta mpaka Hai Jalaba kuniletea barua yako, akasema safari hii alipewa chai. Niliisoma nyuma ya meza ya pasi. Milly alidhani nimepata msiba, nikashindwa kumweleza kwamba nalia kwa furaha, nikampa asome mwenyewe. Naye akalia. Mteja aliyekuja kuchukua suruali alitukuta hivyo akaenda zake akarudi kesho yake.

Umeuliza utakuwa nani kwangu. Nilipoolewa kwenu nilikuwa sijui hata kupika ugali wa watu wengi, na sikujua neno moja la lugha yenu. Wewe hukuniambia jifunze kwanza. Ulitafuta Kiswahili chako cha Timboroa tukaongea. Sebit alikuwa akituacha tunaongea mpaka anasinzia. Mama, mume nilipewa na kanisa, wewe nilikupata kwa kuongea nawe. Sijui jinsi ya kukuacha, na sina nia ya kujifunza.

Nimemweleza Emilio. Akauliza jambo moja tu, unapendelea asimame upande gani akizungumza. Atakuja mwezi wa kumi na moja na dada yake mkubwa, Juliet, kutoka Arua. Ana hofu nyingi. Mimi vilevile.

Manjano imetoka. Kweli ni jua na limau. Nilikuwa nimeshaisikia dawa hiyo kwa mwanamke mmoja sokoni, lakini nilikuwa nangoja niisikie kwako.

Proscovia

*

Eldoret
24 Novemba 2024

Proscovia, binti yangu,

Nakuandikia wageni wakiwa wameondoka jana tu na nyumba bado inanukia pilau. Sote wazima. Lilly amefunga shule na ameshapanga mzigo wake mlangoni, kila asubuhi tunauruka kwenda nje.

Wamekuja. Kwa mlango wa mbele, mchana. Yule dada Juliet ni mwanamke wa maneno machache na kazi nyingi, aliingia jikoni kabla sijamwonyesha. Emilio aliketi pale alipoonyeshwa. Watu wote wanaponiongelesha hupiga kelele kana kwamba niko ng'ambo ya mto. Yeye alisogeza kiti upande wa kulia, akaongea polepole, kwa sauti ya kawaida, na akangoja mpaka nimalize kufikiri. Nilisikia kila neno. Nilimuuliza kuhusu marehemu mkewe, akaniambia jina lake na alivyokuwa, bila kuona haya. Hapo nikampenda kidogo. Mtu asiyeogopa kumtaja wake hatakuzuia kumtaja wako.

Duku alikuwa amekaa kama jiwe. Lilly ndiye aliyeanza, unamjua.

"Utaishi kwenye nyumba ya baba yangu?" akamuuliza mbele ya watu wote.

"Hapana," Emilio akasema. "Mimi nina yangu Buluk, tutakaa huko na mama yako. Ile aliijenga baba yako, ni yako. Nitakuwa nakuangalizia paa mpaka uwe mkubwa."

"Mimi nataka kujifunza kupanda juu."

"Mama yako akikubali."

Mjomba mkubwa akamtazama Duku. Duku akakohoa, akauliza misumari ya mabati wanaitoa wapi siku hizi. Ndivyo alivyokubali. Walipotoka uani walikuwa wanabishana kuhusu mbao, na mke wake akanifinya mkono.

Sisi tutapanda basi la Jethro baada ya Lilly kupata cheti cha shule. Mtoto atabaki nawe, tumezungumza, tafuta shule nzuri Juba. Usilie kwa ajili yangu. Mimi nitakaa mpaka baada ya Krismasi, na nyonga ikizoea joto, tutaona.

Jirani yangu hapa alikuja jioni kuuliza kama ni desturi yetu mama mkwe kupokea posa ya mkwewe. Nilimwambia desturi siijui. Ninachojua ni kwamba anayeombwa ni mama wa msichana, na msichana huyu ana mama mmoja tu, mimi, na nimekubali.

Mama yako,
Natalina